Steringi wa Arrow alikufa kwa deni la nani?

Haya wapendwa, toleo lililopita nilisema maswali ya Arrow yakitosha safu nzima naiacha iwe ya Arrow peke yake, na mmeniandikia kweli kweli, meseji zimejaa mpaka nimeshindwa kuzijibu zote. Nimechagua saba. Kwa ambaye hajaiona, hii ni tamthilia ya Marekani ya stesheni ya The CW, ilianza Oktoba 2012 ikaisha Januari 2020, sizoni 8, episodi 170, inamhusu Oliver Queen, mtoto wa tajiri aliyepotea baharini miaka 5 akarudi nyumbani na upinde pamoja na daftari lenye majina ya watu walioumiza mji wao. Stephen Amell ndo kacheza Oliver. Kama bado uko katikati funga ukurasa ukamalizie kwanza, maana humu nasema kila kitu mpaka nani kafa.

Mimi nilikuwa nawekewa kwenye flashi na kijana mmoja mwenye duka la muvi mtaani kwetu, sizoni moja moja, na mwaka huu nimeirudia yote toka mwanzo, ndo maana majibu mengine yatakuwa marefu kuliko mlivyozoea.

Dada habari za kazi. Nimemaliza Arrow juzi usiku na mpaka sasa nina hasira. Tumekua tunajua steringi hafi, sizoni 8 nzima namuona mtu anachomwa visu anapigwa mishale anadondoka mlimani hafi, alafu mwishoni wanamuua, tena wanamuua mara mbili! Kwa nini walifanya vile? – Msomaji, Mbeya

Nzuri mdogo wangu. Hizo hasira nimezipitia, ile episodi ilipoisha nilikaa kimya sikuongea na mtu. Ila nilipoirudia nikaona walituambia mapema sana. Kumbuka ilivyokuwa mwishoni mwa 2018 kwenye ile krosova ya Elseworlds, yaani tamthilia kadhaa zinazokutana kwenye hadithi moja, Oliver anagundua Barry yule Flash na Kara ambaye ni Supergirl wamepangiwa kufa, anamfuata yule mkubwa anayeitwa Monitor anamwomba awaachie, na Monitor anakubali lakini kwa malipo. Hatukuambiwa malipo yenyewe ni nini, tuliambiwa tu yapo. Basi mwisho wa sizoni ya 7 Oliver na mke wake Felicity wameshapata mtoto, Mia, bado mchanga kabisa, wamehamia kijumba cha mbali na mji wapumzike, mara Monitor huyo katokea, kaja kuchukua chake.

Kifo cha kwanza ni Desemba 2019 kwenye krosova nyingine, Crisis on Infinite Earths. Dunia ya akina Supergirl inateketea, watu wanahamishwa, wenzake wanaondolewa pale yeye anakataa kuondoka, anapiga mishale mpaka podo linabaki tupu, mishale imeisha anaendelea kwa mikono, na Monitor mwenyewe anakuja kukiri kwamba kwa sababu ya zile dakika alizobaki watu bilioni moja zaidi wameokoka. Kifo cha pili ni Januari 2020, hapo ameshageuzwa Spectre, kiumbe cha roho chenye nguvu kubwa, anapambana na Anti-Monitor, yule adui anayeteketeza dunia zote, na nguvu aliyoitoa pale ndo ulimwengu unaumbwa upya. Na ile kauli yake ya sizoni ya kwanza ya kumwambia tajiri umeuangusha mji huu, pale anaisema tena ila safari hii ni umeuangusha ulimwengu huu. Mwili ulinisisimka.

Sasa kwa nini ilibidi afe. Mimi naona Oliver toka episodi ya kwanza anaishi maisha aliyoachiwa, kuna mtu alikufa ili yeye apate maji ya kunywa. Nitalieleza vizuri chini kwenye swali la mwisho maana kuna msomaji kagusa pale pale panapouma. Kwa sasa shika hili tu mdogo wangu, steringi hafi ni kanuni ya zile muvi ambazo steringi hadaiwi na mtu. Huyu alikuwa anadaiwa.

Habari yako dada. Mimi ni mama wa watoto watatu, wawili wakubwa ndo naangalia nao. Kila siku tunabishana kuhusu Moira Queen, mama yake Oliver. Wao wanasema ni muuaji. Mimi nasema yule ni mama. Nani yuko sahihi? – Mama wa Morogoro

Njema kabisa mama. Wanao wana haki lakini wewe una haki zaidi, na nimefurahi umeuliza maana kwangu mimi Moira ndo mtu aliyeandikwa vizuri kuliko wote kwenye Arrow, kuliko hata Oliver.

Tuanze na ya wanao maana hayafichiki. Moira alimtekesha mwanawe wa kumzaa, Oliver hata hajamaliza wiki toka arudi kisiwani mama kashatuma watu wamfunge wamuulize baba yake alimwambia nini kabla ya kufa. Alikuwa kwenye kikundi cha siri cha tajiri mwenzao Malcolm Merlyn na alijua kwamba kinapangwa kuangushwa Glades, ule mtaa wa maskini, kwa mashine ya kutengeneza tetemeko. Alijua boti iliyopotea na mumewe ilihujumiwa na nani, akaendelea kukaa meza moja na mhusika. Mume wa pili, Walter Steele, alipoanza kuchimba mambo akapotezwa miezi, Moira anajua kabisa nani kamchukua na ananyamaza. Kamficha Thea, mdogo wake Oliver, kwamba baba yake wa damu ni huyo huyo Malcolm. Na hata zamani kabla ya boti, kuna binti alipata mimba ya Oliver, Moira akampa dola milioni moja amwambie Oliver mimba imetoka, na milioni nyingine akihamia Central City asirudi tena. Huyo mtoto ndo William.

Mtu akikusomea orodha hiyo huku hujaangalia tamthilia utasema huyu ni shetani. Lakini angalia anavyodanganya. Anasema uongo kwa sauti ile ile anayoulizia watoto wamekula. Kila uongo wake una mtoto ndani, kila mara kuna mtu kamwambia ukifungua mdomo namuua fulani, na fulani ni Oliver au Thea. Alafu siku ya mwisho ya sizoni ya 1 anasimama mbele ya kamera za tivii anakiri kila kitu, anawaomba watu wa Glades wakimbie, anajua anakwenda jela na bado anaongea. Watu 503 walikufa usiku ule pamoja na yote hayo. Hakuna aliyemsahaulisha hiyo namba mpaka anakufa.

Na kufa kwenyewe mama, hebu kirudieni hicho kipande na wanao mkiwa mmetulia. Sizoni ya 2 episodi ya 20. Usiku ule ule ndo kamwambia Oliver kwamba anajua siku zote kuwa yeye ndo yule mtu wa upinde, na anajivunia. Muda mfupi tu gari lao linagongwa, wanaamkia porini wamefungwa mikono, Moira upande mmoja Thea upande mwingine, Oliver katikati hawezi kusimama, na Slade Wilson, rafiki yake wa kisiwani aliyegeuka adui, anamwambia chagua. Lile chaguo Oliver aliwahi kuwekewa kule kisiwani, kati ya Shado na Sara, wanawake wawili aliokuwa nao kule, na Shado akapigwa risasi. Sasa angalia uso wa Moira pale. Haangalii upanga. Anamwangalia Oliver, anaona mwanawe anakaribia kupasuka, na yeye ndo anamwondolea lile swali, anasimama. Thea anapiga kelele mama unafanya nini. Anamwambia afumbe macho. Basi.

Mimi sijaona mzazi kwenye tamthilia hizi za mashujaa aliyefanya kitu kikubwa kama kusimama tu. Na toka siku ile Arrow haikupata tena mtu wa kuziba pengo lake, walileta maadui wenye nguvu za ajabu na vikundi vya siri lakini mtu anayekudanganya na wewe unamwelewa hawakumpata.

Salaam aleikum dada. Hapa kwetu barazani twabishana kila jioni, wenzangu wote wasema adui mkubwa wa Arrow ni Slade, mie peke yangu nasema ni Prometheus. Hebu nisaidie. – Kijana wa Mombasa

Waaleikum salaam kaka. Niko na wewe, tuko wawili sasa.

Simkosei Slade heshima. Manu Bennett na ile sauti yake, na ile siku Oliver anaingia nyumbani anamkuta Slade kakaa sebuleni anazungumza na mama yake kwa ustaarabu kama mgeni aliyekuja kuchangia kampeni, pale nilishika kichwa. Na machungu yake yalikuwa ya kweli, alimpenda Shado, ile dawa ya kuongeza nguvu, Mirakuru, ikamharibu akili. Ila Slade anachotaka ni Oliver aumie. Ukishamuelewa umemaliza.

Adrian Chase, ambaye ndo Prometheus mwenyewe, ni kitu kingine. Mchana ni mwendesha mashtaka wa serikali, anafanya kazi na Oliver ambaye wakati huo ni meya, anakula naye, anamtetea, usiku anavaa kinyago. Na chanzo chake ni kwamba baba yake, Justin Claybourne, tajiri aliyekuwa anatajirikia ugonjwa wa kifua kikuu, alikuwa kwenye lile daftari. Oliver alimuua mwaka wake wa kwanza. Yaani huyu adui kazaliwa na daftari la Robert Queen, baba yake Oliver. Wawili hawa ni watoto wa kiume, kila mmoja kafiwa na baba mbaya, kila mmoja kachukua silaha kwa jina la baba. Oliver akimwangalia Chase anajiona.

Ndo maana ile episodi anayomfunga kwa minyororo siku kadhaa inatisha kuliko vita zote. Hamuulizi jina la mtu wala siri ya mji, anamuuliza kitu kimoja tu, kwa nini uliua wote wale? Na Oliver anakataa anakataa mpaka mwisho analia anakiri kwamba aliua kwa sababu alitaka, na alifurahia. Adui wa kawaida anakupiga. Huyu alimfanya steringi aseme kitu ambacho sisi watazamaji tulikuwa tunakishangilia toka 2012, maana ukweli ni kwamba tulikuwa tunashangilia kila jina likikatwa kwenye lile daftari, mimi nikiwemo.

Na hata mwishoni hakushindwa vizuri, alijipiga risasi mwenyewe kule baharini akijua akifa tu kisiwa kizima cha Lian Yu, kile kile alichopotelea Oliver, kinalipuka, na Samantha mama yake William akafia pale. Waambie wenzako barazani wamjibu mtu huyo kwa Slade.

Dada, Oliver alichomwa upanga na Ra's al Ghul akatupwa mlimani kwenye theluji akiwa kifua wazi. Alipona vipi? Nimeangalia mara tatu sijaelewa. – Msomaji, Kahama

Maseo, rafiki wa zamani wa Oliver, alimwokota, na Tatsu mke wa Maseo akamtibu, na mimi pia sijaridhika na ile tiba mpaka leo, kwa kweli walitaka tu tukae wiki kadhaa tunalia kuanzia episodi ya 9 ya sizoni ya 3 alafu wamrudishe.

Ila usiache swali muhimu zaidi likupite, alikuwa anafanya nini pale juu? Malcolm alimlewesha binti yake mwenyewe dawa, Thea, akamtuma akamuue Sara Lance pasipo yeye kujua, kwa sababu Malcolm alikuwa na deni la damu kwa Ra's, mkuu wa kikundi cha wauaji, na alitaka Oliver aende kupigana kwa niaba ya dada yake, akishinda deni la Malcolm linafutika. Kamtanguliza mwanawe wa kumzaa ili yeye apate nafuu. Linganisha na Moira pale porini.

Dada yangu naomba nikuulize kuhusu mapenzi. Mimi ni timu Laurel, naona Felicity ndo aliharibu Arrow na wakamuua Laurel ili ampishe. Nidanganye kama unaweza. – Msomaji, Arusha

Sikudanganyi mdogo wangu na sikubaliani na wewe pia.

Kuhusu Laurel, yule mpenzi wa zamani wa Oliver, nina machungu kama wewe. Kaanza ni wakili wa wanyonge kule Glades, akafiwa na Tommy aliyekuwa mpenzi wake, akaanguka kwenye pombe na vidonge, akainuka, akafiwa na Sara akavaa koti la mdogo wake akaingia mtaani akiwa hajui hata kupigana vizuri, alipigwa sana mwanzoni na hakuacha. Hiyo ndo safari ya shujaa ukiniuliza. Alafu Aprili 2016, sizoni ya 4 episodi ya 18, Damien Darhk, adui wa sizoni ile, anamchoma mshale ili amkomoe baba yake, Quentin. Anafika hospitali, anaongea vizuri, tunaanza kupumua, anazidiwa anaondoka. Kinachoniuma ni kwamba ile sizoni ilianza kwa kutuonesha kaburi bila kutuambia la nani, yaani naona walichimba kaburi kwanza wakatafuta wa kumlaza. Kifo chake hakikutokana na chochote alichokuwa anakifanya yeye. Walau sizoni ya 5 walituambia alichomwomba Oliver kitandani, kwamba asimwache awe Black Canary wa mwisho, maana hilo ndo lilikuwa jina lake la kishujaa. Na Katie Cassidy walimrudisha kama Laurel wa dunia nyingine, yule mbaya, na jinsi alivyogeuka taratibu kwa sababu ya mzee Quentin kumkazania ni moja ya vitu vizuri vya sizoni za mwishoni.

Lakini Felicity usimsingizie. Siku anavua pete ya Oliver walikuwa wamechumbiana na Oliver kamficha kwamba ana mtoto. Sawa, Samantha ndo aliweka sharti la siri, lakini Oliver alikubali haraka mno, akaficha kwa utulivu mno, na ukiangalia vizuri ile ni tabia ya nani? Ni Moira kabisa. Kuficha kwa ajili ya kulinda. Mama kafa lakini uongo wake umehamia kwa mwanawe, na unamhusu mtoto yule yule ambaye mama alimnunulia ukimya kwa dola milioni moja. Felicity hakuondoka kwa wivu, aliondoka kwa sababu aliona anaolewa kwenye nyumba yenye ugonjwa huo. Mimi ningeondoka pia.

Sasa dada, lile boksi Diggle alilofungua mwisho kabisa wa Arrow lilikuwa na nini? Na mbona tukaachwa hivyo? – Msomaji wa Nairobi

Poa kabisa kaka. Kilichotoka kwenye boksi ni mwanga wa kijani, na huo ulikuwa ni dalili ya Green Lantern, shujaa wa vitabu vya katuni vya DC, na mashabiki walikuwa wanaisubiri toka sizoni ya 7 tulipojua baba wa kambo wa Diggle ni Jenerali Stewart, maana Green Lantern mmoja maarufu wa vitabu vya DC anaitwa John Stewart, na Diggle jina lake ni John. Hawakuendeleza. Kwenye tamthilia ya The Flash baadaye Diggle akarudi na lile suala na akaamua kukataa hiyo nguvu ili abaki na mke wake Lyla na watoto.

Wengi walikasirika, mimi nilifurahi. Diggle kaingia kwenye hii tamthilia kama bodigadi aliyeajiriwa na Moira. Episodi ya 3 tu anapigwa risasi yenye sumu, Oliver anambeba mpaka kule chini kwenye ghala lake la siri anamtibu, Diggle anafumbua macho anamkuta Oliver kasimama na nguo za kijani mwilini. Tangu siku ile ndo mtu pekee aliyekuwa anamwambia Oliver hapana usoni. Askari wa zamani wa Afghanistan, hana baba tajiri, hana daftari. Mtu kama huyo kukataa ulimwengu mzima akachagua nyumbani, mimi naona inamfaa kabisa.

Assalaam aleikum dada. Sina swali kubwa. Baba yetu alifariki miaka miwili iliyopita. Pale makaburini wakatangaza kama kawaida kwamba anayemdai marehemu aje aonane na familia, wakaja watu wengine hatuwajui, na mimi kama mtoto wa kwanza mpaka leo nalipa kidogo kidogo. Mdogo wangu akaniwekea Arrow nipunguze mawazo, nikafika pale baba anajipiga risasi kwenye boti nikazima. Baadaye niliendelea nikamaliza zote. Nataka kujua tu unaonaje, Robert Queen alimtendea haki mwanawe au alimtwisha? – Msomaji, Tanga

Waaleikum salaam kaka yangu, na pole sana, Mungu amrehemu mzee na akupe wewe nafasi ya kumaliza salama. Meseji yako ndo imenifanya safu hii niiandike hivi nilivyoiandika, maana mimi pia nilikulia kwenye misiba inayotangazwa vile na sijawahi kuiunganisha na Arrow mpaka nilipokusoma.

Tukirudi pale ulipozima. Boti ndogo ya kuokolea, watu watatu, Robert, Oliver na mfanyakazi mmoja wa meli, maji ya kunywa hayatoshi. Robert anamwambia mwanawe kwamba yeye si mtu anayemdhania, kwamba mji wao hakuujenga, aliuangusha, na yeye Oliver aishi akarekebishe. Anampiga risasi yule mfanyakazi. Anajipiga mwenyewe. Oliver anabaki na miili miwili na maji. Anafika kisiwani anamzika baba kwa mawe, na mfukoni mwa baba anakuta daftari dogo ambalo halina kitu, kurasa tupu. Siku moja baridi imemzidi analisogeza kwenye moto, joto linapiga karatasi na majina yanaanza kutokea. Mimi hicho kipande nakiona kila nikifikiria hii tamthilia. Baba kaacha wosia usioonekana mpaka mtoto aanze kuuchoma.

Kwa hiyo jibu langu, alimtwisha. Nasema hivyo bila kumchukia Robert, maana alijaribu mwishoni kuuzuia mpango wa Malcolm na ndo uliomuua. Lakini alimwachia mwanawe majina bila maelezo. Kwetu wanapotangaza pale makaburini, angalau anayedai anakuja na kusema ni kiasi gani, ni cha nini, tangu lini, na deni linalipwa kwenye mali ya marehemu kwanza kabla hamjagawana chochote. Lina mwisho. Oliver aliambiwa tu rekebisha. Hakuambiwa kiasi gani. Mwaka mzima akaua watu walioandikwa mle akiwa hajui hata lile daftari ni la nini, akidhani kila jina likikatwa baba anapumzika, na moja ya majina hayo likamletea Adrian Chase miaka baadaye.

Aliyemsimamisha ni Tommy, rafiki yake wa toka utoto na mtoto wa Malcolm, ambaye alipojua siri alimwita muuaji usoni. Usiku Glades inaanguka Tommy anaingia kumtoa Laurel kwenye jengo, linamwangukia yeye. Oliver anamkuta chini ya vifusi na chuma limempita kifuani. Tommy anamuuliza, umemuua baba yangu? Na Oliver dakika chache zilizopita katoka kumchoma Malcolm mshale, anaamini kamuua, anamwangalia rafiki yake anamwambia hapana. Kale ka hapana. Baada ya pale akaliweka daftari pembeni na akaapa hataua tena, na ingawa hakuweza kukitunza kiapo miaka yote, kile ndo kilikuwa kitu chake cha kwanza ambacho hakukirithi kwa baba wala kwa mama.

Ndo maana nilimwambia yule msomaji wa Mbeya asikasirike sana na kifo. Angalia waliorudi ulimwengu ulipoumbwa upya kwenye episodi ya mwisho. Moira karudi. Tommy karudi. Mzee Quentin karudi. Robert hatumwoni. Mimi naisoma hivi, Oliver aliwarudisha wale waliofia kwenye lile deni, ila kile alichokifanya baba kwenye boti akakiacha kilivyo, kwa sababu bila kile yeye asingekuwepo wa kuwarudisha wengine. Inawezekana waandishi hawakuwaza hivyo. Mimi ndo nimeiona hivyo.

Wewe kaka deni lako lina namba, kila ukilipa linapungua, na siku ukimaliza hakuna jina litakalobaki limeandikwa. Na kama utapata muda tafuta episodi ya 23 ya sizoni ya 5, ile ya kisiwani, achana na milipuko, tafuta vile vipande vya zamani vya siku Oliver anaokolewa. Yuko kwenye boti na ndevu na manywele, wanampa simu, anampigia mama yake. Moira anapokea hajui nani anapiga. Miaka 5 anajua mwanawe kafa. Mama, ni mimi. Kiangalie na mama yako kama yupo karibu, hata kama hajui kiingereza ataelewa.